Pikipiki Iliyoingia Maji: Tafuta Kosa Kabla ya Kununua Kifaa



Mvua ndefu ikifika, kati ya Machi na Mei, barabara zetu za udongo za Kitale na Bungoma huwa taabu tupu. Mto Kuywa unajaa, Nzoia nao unafurika, na pikipiki ya kikundi ndiyo hiyo hiyo ya kupeleka maziwa, mbolea na hata mgonjwa. Siku mbili tatu baada ya kuvuka maji, taa hazishiki, honi imenyamaza, ama fyuzi inakatika kila mara.

Hapo ndipo pesa za kikundi hupotea. Tumeona kikundi kimoja kikinunua betri mpya, kisha CDI, kisha koili. Pikipiki bado imelala. Mwishowe fundi wa jua kali alifungua bolti moja ya waya wa ethi, akaisugua kwa msasa, maneno yakaisha. Lakini akiba ilikuwa imeshakwenda.

KWA NINI MAJI HUHARIBU UMEME

Maji yenyewe hukauka. Kinachobaki ni tope na kutu ya kijani ndani ya soketi na swichi. Umeme wa betri ni kama mtu anayekwenda sokoni na kurudi nyumbani: hutoka upande wa +, hupita kwenye fyuzi, swichi na taa, halafu hurudi kupitia chuma cha pikipiki (ndiyo ethi) hadi upande wa –. Njia ikizibwa popote, kazi inasimama. Basi sisi tunaifuata njia hiyo hatua kwa hatua.

KABLA YA KUANZA

Usiwashe swichi pikipiki ikiwa bado imelowa. Fungua betri, waya wa – kwanza. Chomoa soketi zote unazoziona, zikaushe kivulini penye upepo, usugue kutu kwa msasa mwembamba. Kama injini pia ilimeza maji, usipige kiki: hiyo ni kazi ya fundi kwanza.

Tengeneza taa ya kupimia: balbu ya indiketa ya volti 12 na waya mbili. Kama pikipiki yenu ni ya zamani ya volti 6, tumia balbu ya volti 6.

HATUA KWA HATUA

1. Betri. Ukiwa na mita, betri ya volti 12 iliyojaa husoma kama 12.6. Ikisoma 12 au chini, ichajiwe kwanza.

2. Ethi. Shikisha waya mmoja wa taa yako kwenye + ya betri. Waya wa pili gusisha –, kisha fremu, kisha injini. Mwanga uwe sawa kote. Ukififia, fungua bolti ya ethi na uisugue hadi chuma king'ae.

3. Njia ya umeme. Sasa waya mmoja ukae kwenye fremu. Washa swichi, kisha gusa + ya betri, mbele ya fyuzi, nyuma ya fyuzi, kabla ya swichi, baada ya swichi. Pale taa inapozimika, kosa liko kati ya hapo na mahali pa mwisho ilipowaka.

4. Fyuzi inayokatika. Hapana funga waya wala karatasi ya sigara! Pikipiki itaungua. Toa fyuzi, weka taa ya kupimia mahali pake, washa swichi bila kuwasha taa za pikipiki. Balbu ikiwaka kwa nguvu, kuna waya umegusa chuma. Chomoa soketi moja moja. Ile itakayofifisha balbu ndiyo yenye njia mbovu.

5. Moto wa plagi. Pikipiki nyingi za zamani hutoa moto wa plagi bila kutegemea betri. Kukiwa hakuna moto, usikimbilie CDI. Angalia swichi ya kuzimia injini: ikijaa maji, huua moto kabisa. Kaushia hapo kwanza. Ukipima plagi, kaa mbali na petroli.

6. Kuchaji. Injini ikinguruma, mita isome kama volti 13.5 hadi 14.5. Isipopanda, kagua soketi ya waya zinazotoka kwenye injini, halafu rektifaya.

Yote yakishindikana, mwambie fundi ulipofika. Utampunguzia kazi, na ninyi mtapunguza gharama.

MASWALI YA KUJADILI

Nani katika kikundi atatunza taa ya kupimia? Nani ataandika kwenye daftari kila kosa na dawa yake? Tukubaliane pia: kifaa kisinunuliwe kabla ya wanachama wawili kushuhudia kipimo.