Kompyuta inayoamua hewa unayovuta ofisini

Kuna maumivu ya kichwa ambayo huanza mwendo wa saa nne asubuhi, yakazidi baada ya chakula cha mchana na kutoweka jioni mara mtu anapotoka nje ya jengo kuelekea kituo cha matatu. Macho huwasha, pua huziba, koo hukauka, na ifikapo saa tisa alasiri karani husoma barua moja mara tatu bila kuielewa. Jumamosi na Jumapili hana neno. Jumatatu hali hurejea. Wagonjwa wa aina hii huja kliniki wakiwa wamekwisha kumeza tembe za kila namna, na baadhi yao wamepimwa malaria na homa ya matumbo zaidi ya mara moja bila kupatikana na chochote.

Iwapo wewe ni mmoja wao, msomaji, nina swali moja: je, dirisha la ofisi yako hufunguka? Ikiwa halifunguki, basi yafaa tulichunguze jumba kabla ya kukichunguza kichwa.

Baadhi ya majumba marefu yaliyojengwa Nairobi katika miaka ya karibuni, hasa sehemu za Upper Hill na Westlands, yana kuta za vioo kuanzia chini hadi juu. Hewa, joto, taa, lifti na pampu za maji za majumba ya namna hii aghalabu huongozwa na mtambo wa kompyuta. Taa na lifti tuziache. Hizo hazina madhara makubwa kwa afya. Hewa ndiyo inayotuhusu.

Ukitaka kuelewa jinsi mtambo huu unavyofanya kazi, utazame mwili wako mwenyewe. Ndani ya ubongo mna sehemu ndogo, ukubwa wake kama wa lozi, inayolinda joto la mwili lisiende mbali na nyuzi 37. Neva za ngozi na za viungo vya ndani huiletea habari, nayo hulinganisha habari hizo na kiwango chake, kisha hutoa amri: jasho litoke, au misuli itetemeke. Jumba nalo ni vivyo hivyo. Vihisi, yaani vifaa vidogo vya kupimia vilivyobandikwa ukutani na ndani ya mifereji ya hewa, hupima joto. Habari hupitia kwenye waya hadi katika kisanduku kilicho kwenye ghorofa hiyo, ambacho kwa kweli ni kompyuta ndogo. Kisanduku hulinganisha joto lililopimwa na lile lililowekwa, tuseme nyuzi 23, kisha huiamuru mota ndogo ifungue au ifunge vali ya maji baridi, au huongeza mwendo wa feni. Baada ya muda mfupi hupima tena. Visanduku vyote huunganishwa na kompyuta kuu, ambayo mara nyingi huwa katika chumba cha mafundi huko chini, na hapo ndipo ratiba hupangwa, maonyo hutokea na kumbukumbu huhifadhiwa.

Wazo lenyewe si geni. Mnamo 1883, Warren Johnson, aliyekuwa mwalimu katika chuo cha ualimu huko Whitewater, jimbo la Wisconsin, Marekani, alitengeneza kipimajoto cha umeme kilichomwarifu mtunza tanuri kwamba darasa limepoa, ili asiwe akiingia darasani kila mara kutazama. Kilichoongezeka tangu hapo ni kompyuta, na tangu 1995 pia kuna kanuni ya mawasiliano iitwayo BACnet, inayoviwezesha vifaa vya viwanda mbalimbali kuelewana.

Sasa tuje kwenye tofauti kubwa kati ya jumba na mwili. Jaribu kuizuia pumzi yako. Kinachokulazimisha kuvuta hewa tena hasa si upungufu wa oksijeni bali ni kulundikana kwa gesi ya kaboni dioksaidi katika damu. Ubongo huipima gesi hiyo bila kukoma. Jumba, kwa upande mwingine, mara nyingi hupima joto tu. Kama halikuwekewa kihisi cha kaboni dioksaidi, halijui iwapo chumbani mmeketi watu wawili au ishirini. Maadamu ni nyuzi 23, jumba limeridhika.

Hapo ndipo matatizo huanza. Mashine ya hewa, ambayo huwekwa juu ya paa au katika chumba maalumu cha kila ghorofa, hupokea hewa za aina mbili: ile iliyokwisha kutumika, inayorudi kutoka ofisini, na ile mpya inayotoka nje. Huzichanganya, huzichuja, huzipoza na kuzisukuma tena kwenye mifereji. Kati ya mashine na nje pana vilango vya mabati, mfano wa mbao za madirisha ya zamani ya Pwani, vinavyofunguka na kufungika kwa mota. Vilango hivyo vifunguke kiasi gani ni nambari ambayo mtu fulani aliiandika katika kompyuta. Kila hewa mpya inayoingia ina gharama yake ya umeme. Msimamizi anayetakiwa kupunguza bili ya stima atapata akiba kwa urahisi kwa kuipunguza nambari hiyo, na hakuna atakayejua, kwa sababu ofisi itaendelea kuwa baridi vilevile.

Mambo haya yalikwisha kutokea kwingineko. Baada ya bei ya mafuta kupanda mwaka 1973, kiwango cha hewa ya nje kilichotakiwa maofisini huko Marekani kilipunguzwa kutoka lita 7 hivi kwa sekunde kwa kila mtu hadi lita 2.5 hivi. Malalamiko ya vichwa, macho na uchovu yakaongezeka. Katika miaka ya 1980 Shirika la Afya Duniani (WHO) liliyatambua malalamiko hayo, na tangu wakati huo sisi madaktari huzungumza juu ya jumba kuwa ndilo gonjwa. Mwaka 1989 Wamarekani walikipandisha kiwango tena, mara hii hadi karibu lita 10 kwa ofisi. WHO nalo, kutokana na janga la Korona, lilipendekeza lita 10 mwaka 2021.

Lita hizo zina maana gani kwako? Hewa ya nje ina sehemu 420 hivi za kaboni dioksaidi katika kila sehemu milioni moja. Pumzi unayoitoa ina karibu sehemu 40,000. Kila mtu akipata lita 10 za hewa mpya kwa sekunde, chumba hutulia karibu na 900. Akipata lita 2.5, chumba hupanda hadi 2,400 hivi. Mwanasayansi Max von Pettenkofer wa Munich, Ujerumani, alikwisha kusema mwaka 1858 kwamba chumba kizuri kisipite 1,000, na nambari hiyo ingali inatumiwa hadi leo.

Yafaa ieleweke kwamba sehemu 2,400 si sumu. Gesi hii ni shahidi tu. Inatuarifu kwamba jasho, mvuke wa rangi na wa zulia jipya, na vijidudu vya wanaokohoa navyo havitolewi nje. Piga hesabu mwenyewe: katika chumba chenye 2,400, kama tano katika kila pumzi mia unazovuta zilikwisha kupita katika vifua vya wenzako. Katika nchi yenye kifua kikuu kama yetu hilo si jambo la kupuuzwa. Katika miaka ya 1950 Dkt Richard Riley na wenzake walipeleka hewa ya wodi ya wagonjwa wa kifua kikuu huko Baltimore, Marekani, kupitia mifereji hadi kwa wanyama wadogo wa maabara waliowekwa mbali na wagonjwa. Wanyama hao waliambukizwa. Hewa ya mfereji peke yake ilitosha.

Jambo la kusikitisha ni kwamba Nairobi haina sababu kubwa ya kuifungia nje hewa mpya. Mji huu uko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na mara nyingi hewa ya nje ni baridi kuliko ya ofisi iliyojaa watu na mashine. Programu iliyopangwa vyema huvifungua vilango wazi wakati kama huo na kuipumzisha mashine ya kupoza. Ni kiyoyozi cha bure! Majengo ya Umoja wa Mataifa yaliyofunguliwa Gigiri mwaka 2011 yalisanifiwa kutegemea hewa ya kawaida. Mombasa ni hadithi nyingine. Huko hewa ya nje ina joto na unyevu, na kuikausha hula umeme mwingi, kwa hivyo kishawishi cha kuvifunga vilango ni kikubwa zaidi. Kihisi cha kaboni dioksaidi ndicho dawa yake: huvifungua vilango kulingana na idadi ya watu waliomo, na kuvipunguza wanapotoka.

Hata mtambo ulionunuliwa kwa fedha nyingi huharibika kwa njia ndogo ndogo. Ukumbi mmoja hugawanywa kwa mbao kuwa vyumba sita, na kihisi kikabaki katika chumba cha meneja. Wengine wote huishi kwa joto la meneja, wakavaa sweta mwezi wa Februari. Kihisi kilicho karibu na mashine ya fotokopi hudhani ofisi nzima inaungua. Ratiba huzima feni saa kumi na moja jioni, ilhali vijana wanaojibu simu za wateja wapo hadi usiku wa manane. Lililo baya zaidi ni kwamba mara nyingi skrini ya kompyuta kuu huonyesha kile ilichoamuru, wala si kile kilichotendeka. Mota ya kilango inaweza kuwa imekwama tangu mwaka jana huku skrini ikisema "wazi". Fundi hana budi kupanda juu na kukitazama kilango kwa macho yake, kama vile daktari asivyoweza kumtibu mgonjwa kwa kusoma faili tu.

Kuna hali mbili ambazo si za kusubiri jioni. Ya kwanza ni kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayotoka kwenye magari na jenereta. Katika maegesho ya chini ya ardhi vihisi huipima na kuwasha feni inapopanda. Feni hizo zikizimwa, au jenereta ikitoa moshi karibu na mdomo wa mfereji wa hewa mpya, gesi huweza kupanda hadi ofisini. Wanaodhurika kwanza ni mabawabu na vijana wanaoosha magari huko chini. Watu kadhaa wakiumwa na kichwa kwa pamoja, wakahisi kizunguzungu na kichefuchefu, tokeni nje mara moja, kisha mwende hospitali.

Ya pili ni bakteria wa Legionella. Mwaka 1976 maveterani waliokutana katika hoteli moja huko Philadelphia, Marekani, walipatwa na nimonia kali, na watu 34 wakafariki. Bakteria huyo aligunduliwa miezi michache baadaye. Hustawi katika maji yenye joto la baina ya nyuzi 20 na 45, hasa katika minara ya kupozea maji ya viyoyozi na matangi ya maji moto, na humwingia mtu kwa mvuke na matone madogo. Hapa pia pana nambari ya kompyuta: anayeteremsha tangi la maji moto kutoka nyuzi 60 hadi 45 ili kuokoa stima huwa amewatengenezea bakteria makao. Homa kali, kikohozi na kupumua kwa shida si "hewa ya ofisi". Mwone daktari siku hiyo hiyo, na umweleze jengo unalofanyia kazi au hoteli uliyolala.

Nisieleweke kwamba kila kichwa kinachouma ofisini ni kosa la jengo. Shinikizo la damu, miwani isiyofaa na kushinda njaa vyote huleta maumivu, kwa hivyo pimwa. Lakini kabla ya kuja, weka daftari kwa wiki mbili: saa maumivu yalipoanza, chumba ulichokuwamo, mlikuwa wangapi, na saa yalipoisha. Waulize na wenzako. Daftari hilo litanisaidia mimi, na litamsaidia fundi hata zaidi.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri ahakikishe mahali pa kazi pana hewa ya kutosha. Penye wafanyakazi 20 au zaidi panapaswa kuwa na kamati ya usalama na afya, na huko ndiko malalamiko yako yapelekwe kwa maandishi; isipojibu, ipo Idara ya Usalama na Afya Kazini ya serikali. Usiandike tu kwamba hewa ni mbaya. Omba mambo matatu: vilango vya hewa ya nje vikaguliwe kwa macho, vichujio vitazamwe vilibadilishwa lini, na kaboni dioksaidi ipimwe katika chumba chenu kati ya saa nane na saa kumi alasiri, wakati wote mkiwa mmeketi. Kama kihisi chake kipo, kompyuta kuu huenda tayari ina kumbukumbu za kila siku, na fundi anaweza kukuchapishia ukimtajia tarehe na saa.