Utando unaotafunwa na mzigo wake

Kama umewahi kutengeneza sabuni kwa kostiki soda, unajua kwa nini lazima uvae glavu. Kinachounguza ngozi pale ni ioni ya haidroksidi: oksijeni moja, haidrojeni moja, na chaji hasi. Sasa fikiria plastiki nyembamba kama karatasi ambayo kazi yake ni kupitisha ioni hiyo hiyo kwa maelfu ya saa, kwenye joto la kama nyuzi 80, bila kuharibika. Huo ndio utando wa seli ya fueli ya alkali.

Seli yenyewe inafanya kazi hivi. Upande mmoja, oksijeni na maji hupokea elektroni na kuwa haidroksidi. Haidroksidi zinavuka utando, zinakutana na haidrojeni, zinageuka maji na kuachia elektroni. Elektroni hazipiti kwenye utando, kwa hiyo zinazunguka kwenye waya. Umeme ndio huo.

Kwa nini tusitumie utando wa asidi, ambao tayari uko kwenye magari ya haidrojeni? Kwa sababu unadai platinamu, na platinamu ni ghali. Metali nafuu kama nikeli huliwa na asidi, lakini kwenye alkali zinadumu.

Alkali si jambo geni. Vyombo vya Apollo vilivyokwenda mwezini vilitumia seli zenye potasiamu haidroksidi. Shida ni kwamba hewa yetu ina kaboni dioksidi, na hiyo ikikutana na potasiamu haidroksidi hutengeneza chumvi inayoziba elektrodi. Kwenye utando wa polima, chaji chanya zimefungwa kwenye mnyororo wenyewe, kwa hiyo hakuna potasiamu ya kuganda.

Basi tuusanifu. Tunachukua mnyororo wa polima, tunaupachika vikundi vya amonio vyenye chaji chanya, na haidroksidi zinapita kati yake. Ila ndani ya maji haidroksidi hutembea kwa karibu nusu tu ya kasi ya ioni za asidi. Utasema, si tuongeze vikundi? Tukiongeza mno, utando unafyonza maji, unavimba kama maharage yaliyolowekwa, halafu unachanika.

Shida kubwa zaidi ni kwamba haidroksidi inashambulia vikundi vile vile vinavyoibeba. Inaweza pia kukata mnyororo pale pete zake zinapounganishwa na oksijeni. Dawa ni mbili: kuunda mnyororo usio na viungo hivyo, na kuchagua amonio sugu. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2015, molekuli ndogo zilichemshwa kwenye sodiamu haidroksidi kali, nyuzi 160. Nusu ya amonio ya kawaida ya benzili iliharibika ndani ya saa 4 hivi. Ile ya umbo la pete, piperidinio, ilichukua saa 87. Mwaka 2019, kundi la Yushan Yan wa Chuo Kikuu cha Delaware, Marekani, lilichapisha tando zinazounganisha dawa hizo mbili.

Bado kuna mtego mmoja. Haidroksidi iliyozungukwa na maji ni mpole. Ikikauka, inakuwa kali. Na kumbuka, upande wa oksijeni seli inakula maji, kwa hiyo ndiko utando unakokauka. Utando unaweza kufaulu ukiwa umelowekwa kwenye chupa maabara, kisha ukafeli ndani ya seli.

Kwa hiyo ukisikia utando mpya unasifiwa kwa kupitisha ioni haraka, uliza pia: umedumu saa ngapi, na ulikuwa mkavu kiasi gani?