Visasili vya Kale, Sauti Mpya

Kwa nini visasili vya Wagiriki vingali vinasimuliwa upya ilhali mwisho wavyo unajulikana? Katika Odyssey, utendi wa Homer, Odysseus anarejea nyumbani na vijakazi 12 wananyongwa kwa kulala na waposaji wa mkewe, Penelope. Hawaulizwi lolote. Mwaka wa 2005, Margaret Atwood alichapisha The Penelopiad. Humo Penelope, akisimulia kutoka kuzimu, anakiri kuwa ndiye aliyewatuma kuwapeleleza waposaji hao. Nao vijakazi wanadai haki. Matukio ni yale yale. Msimulizi amebadilika, na hukumu yetu hubadilika naye. Basi, mtahiniwa, usiishie kueleza ploti. Jiulize: nani amepewa sauti, na nani angali kimya?