Kimekwenda Wapi? Kemia kwa Anayeanza Kidato cha Kwanza (Sehemu ya Kwanza)

Kila Januari watoto wetu huingia Kidato cha Kwanza na kukuta kwenye ratiba somo jipya liitwalo Kemia. Shule ya msingi walisoma Sayansi kwa ujumla wake, tena wengi wao kwa Kiswahili. Sasa lugha imebadilika, mwalimu ni mwingine, na ndani ya majuma machache wanatakiwa wakariri kanuni za maabara na alama za elementi ishirini. Wanakariri, kwa kuwa watoto wetu ni hodari wa kukariri. Ila ukimuuliza mmoja wao somo hili linatafuta nini hasa, atakutazama tu. Naamini hapo ndipo tunapowapoteza wengi, na yule anayeiacha kemia akifika Kidato cha Tatu mara nyingi aliiacha siku nyingi moyoni, kabla hajaonyeshwa swali lake.

Swali lenyewe ni fupi. Kitu kilichokuwapo kimekwenda wapi, na hiki kipya kimetoka wapi? Kabla ya kugusa mada yoyote ya mwaka wa kwanza, leo nataka msomaji alielewe swali hilo kwa kulifuata ndani ya kitu kimoja tu, yaani chokaa.

Kuanzia Lamu hadi Kilwa, mafundi wa pwani walijenga misikiti, majumba na makaburi kwa mawe ya matumbawe, wakayashikiza kwa chokaa iliyotokana na matumbawe hayohayo. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani na magofu ya Gede, karibu na Malindi, yamestahimili karne nyingi za mvua na chumvi ya bahari. Kazi ya kuipata chokaa hiyo ilianza kwenye tanuu: magogo yalipangwa, vipande vya matumbawe vikawekwa juu, na moto ukaachwa uwake hadi mawe yageuke meupe na mepesi. Kisha yalimwagiwa maji. Moto ulikuwa umekwisha kuzimika, lakini mawe yalifoka mvuke, yakapasuka na kuanguka yakawa unga. Unga huo ukikandwa kwa mchanga na maji na kupigwa ukutani, pole pole hugeuka kuwa jiwe tena.

Fundi aliyajua hayo yote kwa macho na mikono, na ujuzi wake ulikuwa sahihi. Lakini mtu akiamua kupima uzito katika kila hatua, atakutana na jambo ambalo jicho haliwezi kuliona. Kilo 100 za jiwe safi la chokaa zikichomwa sawasawa, katika joto linalokaribia nyuzi 900 za Selsiasi, hubaki kilo 56. Kilo 44 zimeondoka, na si maji yaliyokauka wala vumbi lililopeperuka. Zimekwenda wapi?

Mtu aliyelishughulikia swali hilo kwa mizani ni daktari wa Uskoti, Joseph Black, katika tasnifu aliyoiwasilisha Edinburgh mwaka 1754 na katika majaribio aliyoyachapisha miaka miwili baadaye. Alikuwa akitafuta dawa ya mawe kwenye kibofu, akajikuta anapima uzito wa magnesia na chokaa. Aligundua kwamba uzito unaopotea ni wa hewa, tena hewa ya namna ya pekee iliyokuwa imefungwa ndani ya jiwe. Baadaye akaonyesha kwamba hewa hiyohiyo imo katika pumzi tunayoitoa na katika moshi wa mkaa. Leo tunaiita kabonidioksaidi. Msomaji afikirie uzito wa ugunduzi huu: karibu nusu ya jiwe tulilojengea misikiti ni hewa ileile inayotoka puani mwetu.

Hesabu inaendelea. Kilo 56 za chokaa iliyochomwa hunyonya kilo 18 za maji na kuwa kilo 74 za unga mkavu kabisa. Maji hayakukauka, yameingia ndani ya kitu kipya, na joto lile kali ni nguvu iliyoachiliwa yalipokuwa yakiingia. Ukutani, kilo 74 hizo huvuta kabonidioksaidi kutoka hewani, kilo 44 zilezile, na kuyatoa maji yale kilo 18. Jumla inarudi kuwa 100, na jiwe limerudi kuwa jiwe. Kwa kuwa kabonidioksaidi ni takriban asilimia 0.04 tu ya hewa, kazi hiyo huenda taratibu sana, na ukuta mnene huchukua miaka mingi kukomaa hadi ndani. Ndiyo maana fundi mzuri wa chokaa hana haraka.

Antoine Lavoisier wa Ufaransa aliifanya hesabu hii kuwa msingi wa somo zima katika kitabu chake cha mwaka 1789: katika badiliko lolote la kikemia, uzito unaoingia ni sawa na uzito unaotoka. Mkemia hulifunga badiliko kama mwenye duka anavyofunga daftari la siku, na hesabu isipolingana anajua kuna kitu hajakiona. Mwanafunzi atakapoanza kuandika milinganyo ya kikemia na kuhangaika kuilinganisha pande mbili, asidhani ni mchezo wa namba. Anafunga daftari la Lavoisier.

Swali hilihili linafika mbali na maabara ya shule. Katika sehemu za Arusha, Manyara na Kilimanjaro, maji ya visima na chemchemi nyingi yana floraidi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Watoto wanaoyanywa huota meno yenye madoa ya kahawia, na kiwango kikiwa kikubwa kwa miaka mingi mifupa hupinda na kukakamaa. Mama mwenye bidii huyachemsha maji ili kuwalinda wanawe, na kweli anaua vijidudu vya kuhara. Lakini floraidi haifi kwa moto. Mvuke unapopaa, maji hupungua na floraidi yote hubaki sufuriani, kwa hiyo kila lita iliyobaki ina floraidi zaidi ya mwanzo. Njia zinazosaidia ni zile zinazoipa floraidi mahali pengine pa kwenda. Mkaa wa mifupa, ambao umetumika katika ukanda huo, huinasa juu yake. Njia nyingine hutumia shabu pamoja na chokaa, na floraidi ikazama chini na mashapo. Mzazi anayeijua tofauti kati ya kuua kijidudu na kuhamisha elementi amepata kinga kwa familia yake, na kwangu hiyo ni sababu tosha ya kutaka kila mtoto asome kemia, awe daktari au asiwe.

Shambani ni vivyo hivyo. Mkulima wa Nyanda za Juu Kusini au wa magharibi ya Kenya anaweza kununua mbolea ya fosforasi kwa fedha nyingi na mahindi yakabaki yamedumaa. Udongo wenye asidi kali huachia alumini, na alumini huikamata fosforasi kabla mizizi haijaifikia. Mbolea ipo ardhini ila imefungwa. Chokaa ya kilimo hupunguza asidi na kuifungulia njia.

Viwandani nako jiwe hilihili huchomwa kutengeneza saruji, na kabonidioksaidi iliyomo hutoka kwenda angani. Ingetoka hata kama tanuri lingepashwa kwa jua bila kuni wala makaa, kwa sababu imo ndani ya jiwe.

Najua shule nyingi hazina maabara ya kutosha. Walimu wenzangu, tusilifanye hilo kuwa sababu ya kufundisha ubaoni tu. Chukua kijiko cha chokaa ya kupaka ukutani, ukikoroge katika chupa ya maji safi, funika, ngoja hadi kesho. Mtu mzima asimamie, na macho yalindwe, kwa maana chokaa huunguza. Mimina yale maji maangavu ya juu kwenye glasi, kisha mwanafunzi apulize pumzi humo kwa mrija, bila kuvuta. Ukungu mweupe utatokea: pumzi imekutana na chokaa na kuzaa chembe za jiwe la Kilwa. Aendelee kupuliza kwa muda mrefu. Ukungu utapungua na maji yataanza kung'aa, kwa sababu kabonidioksaidi ikizidi huliyeyusha jiwe hilo. Hivyo ndivyo maji ya mvua yalivyochimba mapango ya Amboni, Tanga. Maji hayo yakichemshwa, ukungu hurudi, na ndio ule utando mweupe unaoganda ndani ya birika.

Mwanafunzi aandike alichokiona katika kila hatua, kabla hajafungua kitabu. Juma lijalo tutapima msumari unaopata kutu, ambao uzito wake huongezeka badala ya kupungua, na hapo tutaanza mada ya hewa na uwakaji.