Parafujo ngeni isikutupishe chombo

Naona redio, saa na mashine nzima za michezo zikitupwa kwa sababu moja tu: parafujo haikubali bisibisi ya nyumbani. Kabla ya kulazimisha, itazame kichwani.

Ikiwa ni nyota ya ncha sita yenye kijiti katikati, hiyo ni Torx ya usalama. Kijiti huzuia bisibisi ya kawaida, basi tafuta yenye tundu nchani, ya kipimo chake, kama T10 au T20. Game Boy ina parafujo za mabawa matatu. Nintendo 64 hutaka bisibisi yenye shimo la milimita 4.5, na kanda zake 3.8.

Huku kwetu pwani, chumvi nayo hugandisha. Tia tone la mafuta ya kutu, ngoja nusu saa, kisha kandamiza huku ukizungusha polepole. Kichwa kikiliwa, kikate mfereji kwa msumeno wa chuma, utumie bisibisi bapa. Ufute unga wa chuma kabla ya kufungua, usije ukaunguza saketi.

Maikrowevu ni habari nyingine. Ndani mna kapasita inayoweza kubaki na maelfu ya volti hata plagi ikishachomolewa; umeme wa ukutani ni 240 tu. Hapo parafujo inakulinda wewe. Kama hukufunzwa kuumaliza umeme huo, nakusihi mpelekee fundi anayejua. Chombo hununuliwa chengine, uhai ni amana.