Diazepamu na utulivu ambao ubongo unao tayari

Katika maduka ya dawa ya Mnazi Mmoja na Kariakoo, anayeomba "vidonge vya usingizi" huwa na diazepamu akilini, ile iliyozoeleka kwa jina la Valium. Wengi hudhani kidonge hicho ndicho kinachouzima ubongo. Sivyo.

Ubongo hujituliza wenyewe kwa kemikali iitwayo GABA. Neva moja huitoa, nayo hunasa kwenye kipokezi cha neva ya pili. Kipokezi hicho ni protini 5 zilizopangwa duara, katikati pana tundu. GABA ikinasa, tundu hufunguka, ioni za kloridi huingia na neva hutulia.

Diazepamu haigusi mahali pa GABA. Hushika pembeni, kwenye kiungo kingine cha kipokezi hichohicho, na dawa za namna hii huitwa za alosteri. Ni kama dalali wa Kariakoo: mzigo si wake, ila akiwepo biashara hufungwa upesi. Diazepamu ikishika, GABA hunasa kwa wepesi zaidi na tundu hufunguka mara nyingi zaidi. Pasipo GABA, diazepamu hailifungui.

Kwa hiyo nguvu yake ina kikomo, na hii ni sababu mojawapo ya kumpa mtoto mwenye degedege diazepamu kwa njia ya haja kubwa, hata kabla hajawekewa dripu. Fenobabitali, dawa ya kifafa ya miaka mingi, ni tofauti. Nayo hushika pembeni, lakini hulifanya tundu likae wazi kwa muda mrefu, na dozi ikizidi sana hulifungua hata bila GABA. Ndiyo maana kuizidisha huua kwa urahisi zaidi.

Hata hivyo, kikomo cha diazepamu hakimlindi anayechanganya. Pombe nayo huongeza nguvu ya GABA. Mofini na tramadoli hudidimiza pumzi kwa njia nyingine. Vikikutana mwilini, mtu anaweza kuacha kupumua usingizini. Na anayemeza diazepamu kila siku kwa wiki kadhaa, vipokezi vyake huizoea; akiacha ghafla, anaweza kupata mitetemeko, hata degedege.

Ndugu msomaji, usinunue diazepamu bila cheti cha daktari. Kama umeshaizoea, usiiache ghafla: mwone daktari akupunguzie dozi kidogo kidogo. Nawe mwenye duka la dawa, dai cheti kwanza, hata kama mteja ni jirani yako.