Kulisha Uduvi wa Nyumbani: Kidogo Kinatosha

Uduvi wa maji baridi, yaani wale kamba wadogo wekundu, wa njano au wa buluu wanaouzwa katika maduka ya samaki wa mapambo, huwavutia wakazi wa mijini kwa sababu tangi la lita 20 linawatosha na hawahitaji uwanja. Mnunuzi anapowachukua dukani, aghalabu huondoka pia na kopo la chakula. Anapofika nyumbani hubaki na maswali mawili: awape kiasi gani, na mara ngapi? Lebo nyingi husema tu “lisha kila siku”, bila kutaja ukubwa wa tangi wala idadi ya uduvi.

Makala hii inalenga kujibu maswali hayo na kumsaidia mtumiaji kununua kwa busara. Jambo kuu tunalotaka lieleweke ni hili: katika tangi dogo, chakula kilichozidi ni hatari kubwa kuliko njaa.

Uduvi hula nini?

Uduvi wanaofugwa zaidi majumbani ni wa aina ya Neocaridina davidi, wenye asili ya Asia ya Mashariki. Mkubwa hufikia takriban sentimita 3. Wapo pia Caridina multidentata, wanaofikia sentimita 5, waliopata umaarufu kupitia kwa Takashi Amano, mpiga picha na msanifu wa matangi kutoka Japani, aliyewatumia kusafisha mwani katika matangi yake. Nasaba yao si ngeni kwetu: Ziwa Victoria lina uduvi wake, Caridina nilotica.

Viumbe hawa hula kwa kuchokoa. Kutwa nzima hutumia vikucha vyao vya mbele kuokota utando laini unaoota juu ya mawe, mimea, chujio na kioo. Utando huo ni mchanganyiko wa bakteria, mwani na viumbe vingine vidogo mno. Kwa hiyo tangi lililokaa wiki kadhaa likiwa na maji, mwanga na mimea tayari ni shamba lao. Chakula cha dukani ni nyongeza tu.

Gramu moja katika lita 20

Ili kuelewa hatari ya kuzidisha, tufanye hesabu ndogo. Chukua gramu moja ya chakula chenye protini asilimia 40. Ndani yake mna gramu 0.4 za protini, na takriban asilimia 16 ya protini ni naitrojeni, yaani miligramu 64. Chakula hicho kikioza chote katika lita 20 za maji, naitrojeni hiyo hugeuka kuwa amonia na kufikia zaidi ya miligramu 3 kwa kila lita. Katika tangi lenye afya, kipimo cha amonia kinapaswa kusoma sifuri.

Bakteria wema waliomo kwenye chujio hubadilisha amonia kuwa naitraiti, kisha naitreti isiyo na madhara makubwa. Hata hivyo, uwezo wao una kikomo, na katika tangi jipya bado ni wachache. Joto nalo huongeza tatizo. Maji ya moto hushika oksijeni kidogo, na chakula huoza upesi ndani yake. Mfugaji wa Dar es Salaam awe mwangalifu zaidi katika miezi ya Januari hadi Machi.

Kiasi na ratiba tunayopendekeza

Kwa uduvi 10 hadi 15 katika tangi la lita 20 lililokwisha kukomaa, toa kipande cha chakula kisichozidi ukubwa wa punje moja ya choroko, mara mbili au tatu kwa wiki. Baada ya saa mbili hadi tatu, ondoa kilichobaki kwa wavu mdogo au mrija. Kikibaki kila mara, punguza kiasi hicho kwa nusu.

Tangi jipya liache lifanye kazi kwa angalau wiki nne kabla ya kuweka uduvi, na hakikisha kwamba amonia na naitraiti zinasoma sifuri. Ukisafiri kwa wiki moja, usimwachie jirani kopo zima kwa huruma. Uduvi katika tangi lililokomaa wataishi kwa utando uliomo. Ikilazimu, funga kipimo kimoja katika karatasi, nalo kopo ulifungie kabatini.

Kununua chakula

Punje ya choroko ina uzito wa takriban gramu 0.05. Mtu anayetoa kiasi hicho mara tatu kwa wiki hutumia chini ya gramu 8 kwa mwaka. Kopo la gramu 50 lingemchukua zaidi ya miaka sita. Lakini chakula kilichofunguliwa huanza kupoteza vitamini na mafuta yake huchacha, hivyo ni vyema kimalizike katika muda wa miezi sita hivi. Kopo kubwa linaloonekana kuwa nafuu kwa gramu kwa kweli ni ghali, kwa kuwa sehemu kubwa yake itatupwa au, vibaya zaidi, itamwagwa tangini ili isiharibike. Nunua pakiti ndogo kabisa, au mgawane na mfugaji mwenzako.

Kabla ya kulipa, soma lebo. Tazama jina la mtengenezaji, viambato, kiasi cha protini na tarehe ya mwisho wa matumizi. Chakula kilichopimwa na kufungwa upya katika mfuko mtupu wa plastiki hakina hata kimoja kati ya hivyo. Hatukushauri kukinunua, hata kama bei yake inavutia.

Yapo pia madai ya kupimwa kwa makini. Dai la kwamba chakula “hakichafui maji” lisikushawishi, kwani chakula chochote kisicholiwa huoza. Dai la “kuongeza rangi” lina ukweli wa sehemu tu: viambato kama spirulina vinaweza kukoleza rangi iliyopo, lakini havitamfanya uduvi wa ukoo hafifu awe mwekundu kama wa bei ghali.

Suala la shaba

Wanunuzi wengine hushtuka wakiona salfeti ya shaba, ambayo wakulima wetu huijua kama mrututu, katika orodha ya viambato. Hofu hiyo ina msingi, kwa kuwa shaba iliyoyeyuka katika maji ni sumu kwa uduvi. Hata hivyo, uduvi huhitaji chembe ndogo ya madini hayo, maana damu yao husafirisha oksijeni kwa kutumia shaba, kama yetu inavyotumia chuma. Kiasi kidogo kinachotiwa katika chakula kama madini ya lishe hakina budi kutofautishwa na dawa. Hatari halisi iko katika dawa za magonjwa ya samaki na dawa za kuua konokono ambazo kiambato chake kikuu ni shaba. Hizo zisitumike kamwe katika tangi la uduvi.

Chakula kutoka jikoni na uani

Mchicha, tango, boga na karoti vinafaa. Osha vizuri, chemsha kwa dakika chache bila chumvi wala mafuta, acha vipoe, kisha weka kipande kidogo. Kiondoe kabla ya saa 24 kupita. Jihadhari na viuatilifu: dawa inayoua wadudu shambani huua pia uduvi, kwa sababu maumbile yao yanakaribiana. Mboga usiyojua ilikotoka ni afadhali uiache, au uimenye ganda.

Kuna bidhaa moja ambayo mkazi wa pwani hana haja ya kuinunua. Maduka mengine huuza kwa pakiti majani makavu ya mkungu yaliyoagizwa kutoka nje. Mti huo huo, Terminalia catappa, umesimama katika nyua na barabara nyingi za Dar es Salaam, Tanga na Zanzibar. Okota jani lililokauka na kuanguka lenyewe, mbali na moshi wa magari na mahali palipopuliziwa dawa. Lioshe, lichemshe kidogo, kisha liweke tangini. Uduvi watachokoa utando unaoota juu yake kwa wiki kadhaa. Maji yakigeuka rangi ya chai hafifu, usihofu.

Ishara za kutazama

Konokono wakiongezeka ghafla, minyoo midogo myeupe ikitambaa kwenye kioo, au maji yakiwa na ukungu na harufu, unalisha kupita kiasi. Simamisha chakula kwa siku chache na ubadilishe sehemu ya maji. Tumia maji yaliyoondolewa klorini na yenye joto linalokaribiana na la tangi.

Ukiona umbo jeupe, tupu, lenye sura ya uduvi chini ya tangi, usikimbilie dukani kudai umeuziwa wagonjwa. Mara nyingi hilo ni gamba alilojivua akikua. Liache hapo, kwa kuwa uduvi hulila na kujirudishia madini. Uduvi aliyekufa huwa na mwili ndani na aghalabu hugeuka rangi ya waridi. Huyo aondolewe mara moja.

Ukiwa na malalamiko

Dai risiti kila unaponunua, hata ikiwa ni pakiti moja. Ukigundua kwamba chakula kimepitwa na wakati, au kwamba uliambiwa jambo lisilo kweli kuhusu bidhaa, hifadhi pakiti na risiti, piga picha ya lebo, kisha mrudie muuzaji kwanza. Sheria ya Ushindani ya Tanzania ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kuwapotosha watumiaji. Msiposikilizana, tuletee vielelezo hivyo pamoja na maelezo mafupi ya tarehe na bei. Tukiwa na lebo na risiti mkononi, tunaweza kufuatilia. Bila hivyo, kazi huwa ngumu kwetu na kwako.